Kamera inafunguka kwenye simu, Alexa anasema haioni. Wajuzi wa Chuga na Moshi njooni

#1 MtuWaMoshono
Habari za jioni wakuu.

Nina kamera mbili za waifai hapa nyumbani Moshono. Moja iko getini, nyingine inatazama banda la ng'ombe na mlango wa uani. Kwenye simu sina malalamiko. Hata nikiwa Karatu kikazi nafungua, napata picha na sauti, ya getini naigeuza kushoto kulia.

Kasheshe imeanza baada ya dada kuniletea Echo Show kutoka Marekani, ile Alexa yenye skrini. Niliitaka kwa ajili ya mama. Magoti yanamsumbua, simu ya kugusa hataki hata kuishika, na honi ikilia getini lazima ajue ni nani kabla binti wa kazi hajafungua. Kiingereza si tatizo, amefundisha shule maisha yake yote. Mpango ulikuwa akae kwenye kochi, aseme tu, Alexa amwonyeshe geti.

Nimewasha skili (programu ya nyongeza ndani ya Alexa) ya kampuni ya kamera, nimeingia na akaunti yangu, imeandika imeunganishwa. Sasa oneni vituko. Kamera ya getini imetokea kwenye orodha, lakini ukiiita kiduara kinazunguka weee, skrini inakuwa nyeusi, halafu Alexa anasema kamera haijibu. Ya bandani haijatokea kabisa, hata nikimwamuru atafute vifaa upya. Kamera za aina moja, duka moja, fundi mmoja.

Fundi anasema kamera zake ni nzima, mbovu ni Alexa. Intaneti ni ruta ya laini, 4G. Nani ameshapita hapa?

#2 ChaliiWaSakina
Nimewahi siti ya mbele. Yangu iligoma nikaiacha iwe inaniambia hali ya hewa. Na hata hiyo inabahatisha, inasema jua wakati huku ukungu umeshika hadi mlangoni.

#3 FundiWaya
Mkuu hii ni nyepesi. Kamera nyingi za bei zetu zinashika bendi ya waifai ya 2.4 GHz tu, ya 5 haziioni. Ruta yako inatoa bendi zote mbili kwa jina moja. Echo imekaa kwenye 5, kamera kwenye 2.4, hazikutani. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina, vyote vipeleke 2.4. Utanishukuru.

#4 BintiKijenge
@FundiWaya hapana. Bendi ingekuwa shida, kamera isingefunguka hata kwenye simu. Kasema akiwa Karatu anaiona. Kwa hiyo kamera iko hewani.

#5 FundiWaya
Dada, simu ni simu na Alexa ni Alexa. Lazima viwe mtandao mmoja. Nimeanza kufunga kamera wakati nyie mnadhani QR ni jina la kikundi cha muziki.

#6 MzeeWaRau
Vijana hamjambo. Niko Moshi, na kabla ya kustaafu nilikuwa kwenye mitambo ya simu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Fundi, unadhani Echo inaongea na kamera moja kwa moja. Kwa kamera nyingi za aina hii sivyo. Mama akisema, sauti inakwenda kwenye seva za Amazon. Seva za Amazon zinaziuliza seva za kampuni ya kamera: huyu mteja ana kamera yenye jina hili? Zikikubali, ndipo picha inapotoka getini, inapanda kwenye intaneti, inakwenda huko kwa wenyewe, inashuka tena sebuleni. Kutoka geti hadi kochi ni hatua chache, lakini picha imeshavuka bahari. Ndiyo maana kamera inaweza kuwa Moshono na Echo ikawa Mwanza, na bado zikaelewana. Wanaolazimika kuwa mtandao mmoja ni wale wanaovuta picha kwa njia ya ndani, mara nyingi kwa mfumo unaoitwa RTSP, na hapa hatujafika huko.

Halafu huyu bwana ana magonjwa mawili, msimpe dawa moja. Kamera inayotokea kwenye orodha ila haionyeshi, hiyo ni shida ya picha. Isiyotokea kabisa, mimi naanzia kwenye umiliki. Mleta mada, ya bandani iliandikishwa kwa namba au barua pepe ya nani?

#7 ChaliiWaSakina
Shikamoo mzee. Hapo kwenye umiliki nimeshtuka kidogo, maana hata mimi sikumbuki.

#8 MtuWaMoshono
Shikamoo mzee, na asante. Ya getini niliandikisha mwenyewe, fundi akiwa juu ya ngazi. Niliskani QR iliyo chini ya kamera na simu yangu. Ya bandani sikuwepo, nilikuta fundi ameshaiweka. Nimefungua programu sasa hivi kuangalia: ya bandani ina kialama cha vichwa viwili vya watu pembeni ya jina. Ya getini haina.

#9 MzeeWaRau
Marahaba. Hicho kialama ndicho. Fundi ameiandikisha kwenye akaunti yake kisha akakushirikisha wewe. Unaona picha, lakini kwenye seva mwenye kamera ni yeye. Baadhi ya kampuni haziruhusu kifaa cha kushirikishwa kipite kwenda kwa Alexa au Google. Anayeruhusiwa ni mwenye akaunti peke yake.

Na usihangaike na kile kitundu cha kubonyeza na pini ili kamera ianze upya. Kwa kampuni nyingi kinafuta waifai, hakifuti jina la mmiliki. Fundi mwenyewe aingie kwenye simu yake aifute, ndipo wewe uiskani upya.

#10 MamaKelvinNjiro
Jamani! Yaani fundi anaona mlango wa uani wa watu mpaka leo?

#11 MzeeWaRau
Akitaka, anaona.

#12 ChaliiWaSakina
Fundi anajua ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi na binti wa kazi anaongea na nani uani 😂😂 @FundiWaya hebu jitetee.

#13 FundiWaya
Msituchafue wote. Niwaambie hali halisi ya kazini. Unafika kwa mteja, simu haina bando. Ukimwuliza barua pepe anasema ipo lakini pasiwedi anaijua mtoto aliyeko chuo Dodoma. Anakwambia "fundi wewe weka tu, nitabadilisha." Habadilishi. Miezi inapita, ruta anabadilisha, anakupigia saa nne usiku kamera haionekani, na kulipa hataki maana "si ulifunga wewe". Ikiwa kwenye akaunti yangu angalau naweza kumsaidia nikiwa nyumbani. Mimi nina kamera za watu wengi kwenye simu yangu na sijawahi kufungua hata moja kwa umbea.

#14 BintiKijenge
Nakuamini wewe. Na simu yako ikiibiwa stendi? Msaada ni mzuri ila kazi ikiisha mkabidhi mtu mali yake.

Na lile la mafundi kuweka pasiwedi moja kwa wateja wote nalo liishe. Mwaka 2016 kuna kirusi kiliitwa Mirai kilizoa kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani, na Oktoba mwaka ule vifaa hivyo vikatumika kuangusha tovuti kubwa kubwa. Watu waliofunga kamera walinde nyumba hawakujua kamera zao zimeajiriwa kwingine.

Halafu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Mafundi mnaotunza picha za nyumba za wateja mngeisoma.

#15 MekuWaKibosho
Tusifanye uzi kuwa baraza la kata. Turudi kwenye geti.

Mimi nimemfungia mama mzazi kamera Kibosho, nami naishi Arusha. Skrini nyeusi naijua vizuri. Kwenye mipangilio ya kamera kuna sehemu ya kufunga picha kwa siri. Ikiwa imewashwa, simu mara ya kwanza inakuomba namba ya uhakiki, zile herufi zilizoandikwa kwenye stika ya kamera. Ukishaziandika simu haikuulizi tena, unasahau kabisa kwamba zipo. Sasa Alexa hana pa kuandika hizo herufi. Anapokea picha iliyofungwa, anaishia kuonyesha giza. Nilizima, picha ikaja palepale.

#16 BintiKijenge
Mangi umemwambia nusu. Ukizima hiyo, picha yako inatunzwa bila ule ufunguo wa ziada. Ajue anabadilishana nini na nini.

#17 MekuWaKibosho
Inatazama geti na migomba, Binti. Mwizi wa kuiba picha ya migomba yangu namkaribisha na ndizi nitamkatia.

#18 DogoTengeru
Wakubwa shikamooni. Mimi nasoma Tengeru, mambo haya haya. Kabla hajazima chochote aangalie mfumo wa kubana video. Mafundi wengi wanaacha H.265 kwa sababu inakula nafasi ndogo kwenye kadi na bando dogo. Ni mfumo wa 2013. Simu mpya zinaufungua bila wasiwasi, lakini Alexa kwa kamera anataka H.264, ya zamani, ya 2003. Kamera ikituma H.265 unapata hivyo hivyo anavyosema: kiduara, giza, "haijibu". Kwenye mipangilio ya picha abadilishe iwe H.264, kamera ikijizima na kuwaka asubiri kidogo ndipo ajaribu.

#19 FundiWaya
Dogo hapo umeongea. Lakini akibadilisha kwenda H.264 video inakuwa nzito, na kwenye 4G itakwama. Ndiyo maana tunaacha H.265, si uvivu.

#20 MzeeWaRau
Fundi leo tumekubaliana kitu, niandike tarehe.

Shida ya ruta za laini ni upande wa kupandisha. Watu wanapima kasi ya kushusha, wanafurahi, wakati kamera yenyewe inapandisha. Video ya megabiti moja kwa sekunde ni kama MB 450 kwa saa. Na kwa kuwa Echo iko nyumba ile ile, bando linakatwa mara mbili: MB 450 kupanda kutoka getini, MB 450 kushuka sebuleni. Jioni watu wakirudi makazini mnara unajaa, kamera inapandisha kwa kusuasua, Alexa anasubiri, anachoka, anakata. Simu inavumilia zaidi kwa sababu programu ya kamera yenyewe inashusha ubora ikiona mtandao mbaya. Mleta mada, jaribu alfajiri. Ikifunguka saa kumi na moja asubuhi na kugoma saa moja jioni, usiguse mipangilio, tafuta intaneti.

#21 UgaibuniLakiniMrombo
Nimechelewa. Salamu kutoka kwenye theluji.

Wote mmeruka kitu kimoja. Hiyo Echo ameleta dada yake, kwa hiyo huenda akaunti ya Amazon ni ya dada, ya Marekani. Akaunti ya kamera ameifungua yeye kwa namba ya +255. Kampuni nyingi za kamera zimegawa seva kwa maeneo: China kivyake, Ulaya kivyake, Marekani kivyake. Ukishajiandikisha umeandikwa upande mmoja, hubadilishi kirahisi. Na orodha ya skili nayo inategemea nchi ya akaunti ya Amazon. Nilimtumia shemeji kamera Rombo nikakwama hapo hapo. Tulifungua akaunti mpya ya kamera tukachagua nchi upya, ndipo zikaongea.

#22 ChaliiWaSakina
Si aweke VPN tu ajifanye yuko Texas?

#23 BintiKijenge
Kwanza haisaidii. VPN inabadilisha njia ya simu yako, haihamishi akaunti iliyoshaandikishwa. Pili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatoa tangazo Oktoba 2023 wanaotumia VPN wazitolee taarifa. Usimwingize mwenzio kwenye mambo mengine kwa ajili ya geti.

#24 DogoTengeru
@UgaibuniLakiniMrombo hoja ni nzuri lakini haielezi kwa nini ya getini imetokea kwenye orodha. Seva zingekuwa haziongei, isingetokea kamera hata moja.

#25 UgaibuniLakiniMrombo
Kutokea kwenye orodha ni jina tu. Jina likishavuka halimaanishi picha nayo itavuka.

#26 DogoTengeru
Hapo mzee atuamulie.

#27 MzeeWaRau
Siamui. Kampuni ya kamera ndiyo inajua, na haisemi.

#28 MamaKelvinNjiro
Mimi niulize pembeni. Jina la kamera aliandikaje? Yangu niliipa jina "Getini kwa Baba Kelvin" na kile kispika kikawa kinanitafutia wimbo. Kelvin akabadilisha ikawa Front Gate, ikakubali. Kiswahili hawajakifundisha.

#29 MtuWaMoshono
Mama Kelvin iko Front Gate tayari. Ila nimecheka peke yangu ofisini.

#30 MekuWaKibosho
Wakati tunasubiri mrejesho: nani ana dawa ya migomba? Upepo ukivuma Kibosho simu inanilia usiku kucha kwamba kuna mtu. Ni jani. Na buibui naye kajenga utando mbele ya kioo, taa ya usiku ikiwaka utando wote unang'aa, geti silioni.

#31 FundiWaya
Chora eneo la kufuatilia mwendo, liishie kwenye ngazi za mlango, migomba uiache nje. Usikivu ushushe. Buibui anafuata wadudu na wadudu wanafuata mwanga na joto. Zima taa ya kamera, weka taa nyingine ya kawaida pembeni, mbali na kioo. Na mtu apitishe ufagio, hakuna teknolojia hapo.

#32 ChaliiWaSakina
Meku subiri Desemba mkirudi kuhesabiwa utafagia mwenyewe.

#33 MtuWaMoshono
Mrejesho wakuu.

Fundi nilimpigia. Alisitasita, akasema "ile niliiweka kwangu kwa muda." Ameifuta. Nimepanda mwenyewe bandani nikaskani, nikamwambia Alexa atafute vifaa. Imetokea. Nimeiita, picha imekuja, ng'ombe anacheua vizuri kabisa. Mzee wa Rau ubarikiwe.

Ya getini ndiyo sielewi. Nilizima ile ya kufunga picha kama alivyosema Meku: giza. Nikaweka H.264 kama Dogo: ikaja, safi, mama akamwona jirani amesimama nje akapiga kelele ya furaha. Jioni umeme ukakatika, uliporudi giza tena. H.264 bado ipo vile vile, nimehakikisha. Na ya bandani muda wote huo inafanya kazi.

Niongeze na hili: mama sasa hana habari na geti. Anaacha ng'ombe wamejaa kwenye skrini toka asubuhi, anamgombeza kijana wa majani kupitia hiyo hiyo kamera. Bando la wiki limeisha kabla ya wiki.

#34 MzeeWaRau
Basi umejibu. Megabiti moja mfululizo kwa siku nzima ni karibu GB 11 za kupandisha, bila kuhesabu za kushusha. Ng'ombe amekula njia yote ya kupandisha, geti limekosa pa kupita. Zima ya bandani, ita geti, utaniambia.

#35 DogoTengeru
Mzee kwa heshima, siku ya kwanza getini ilikuwa giza wakati ya bandani haijaunganishwa kabisa. Nani alikuwa anakula njia? Mimi nimevutiwa na umeme. Kamera nyingine hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, kamera inawaka kabla ruta haijapata mtandao, saa inabaki 1 Januari 1970. Vyeti vya usalama vya seva vina tarehe, kamera yenye saa ya 1970 inavikataa. Mkuu, umeme ukirudi tazama tarehe kwenye kona ya picha ya getini kabla hujagusa kitu.

#36 BintiKijenge
Lakini kwenye simu inafunguka, Dogo. Saa ingekuwa mbovu hata simu ingekosa.

#37 DogoTengeru
Simu inaweza kuwa inaifikia kwa njia ya ndani akiwa nyumbani. Swali ni kama baada ya umeme kurudi aliifungua akiwa nje ya waifai yake. @MtuWaMoshono?

#38 MtuWaMoshono
Nilikuwa sebuleni. Nje sijajaribu.

#39 FundiWaya
Mnazunguka. Umeme ukirudi ruta inachagua chaneli upya, ishara hadi getini inakuwa dhaifu. Bandani ni karibu na nyumba, ndiyo maana hiyo haisumbui. Nilisema tangu mwanzo ni mambo ya waifai mkanicheka. Jumamosi nina mteja hapo juu Moshono. Nitapita na kebo, tuichomeke kamera kwenye ruta bila waifai, tuone nani mkweli. Mama aandae maziwa.

#40 MzeeWaRau
Nenda. Ila usiandikishe kitu kwa namba yako.

#41 PasuaYetu
Samahani kudandia uzi wa watu. Mimi niko Moshi, natumia Google Nest Hub, skrini ya Google inayofanana na hiyo Echo. Picha ya kamera inakuja, sauti hakuna. Inahusiana na hiyo H.265?

#42 DogoTengeru
Hapana, hiyo ni ya picha tu. Sauti ina mfumo wake. Angalia kwanza kama kipaza sauti cha kamera kimewashwa, halafu kwenye mipangilio ya sauti ukikuta AAC na G.711 (mifumo ya kubana sauti), jaribu AAC. Ukipata muda weka hapa picha ya stika ya kamera, ila ziba zile herufi za uhakiki.